Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Ililipia Nini

Kila anayekusanya stempu hatimaye hujikuta na rundo la vikaratasi visivyo na pa kukaa. Vina meno pembeni, vina gundi nyuma, vina picha nzuri, na mara nyingi vina tarakimu kwenye kona. Ukivitafuta kwenye katalogi, havimo. Nchi iliyotajwa ama haipo kwenye ramani, ama ipo lakini posta yake haivitambui. Wakusanyaji huviita sinderela, wakimkumbuka yule binti wa hadithi aliyeachwa jikoni wenzake wakienda kwenye dhifa. Na kwa muda mrefu vimetendewa hivyohivyo: vinaondolewa kwenye albamu, vinatiwa kwenye bahasha moja na kusahauliwa, au vinatupwa kabisa.

Mimi navipenda kuliko stempu nyingi zenye heshima zao. Stempu ya serikali unaijua hata kabla hujaigusa, kwa sababu wengine wamekwisha kuiandikia tarehe, rangi, mchapaji na bei. Lebo isiyo rasmi haina mdhamini wa namna hiyo. Inabidi uihoji mwenyewe. Na katika kuihoji, swali la kwanza si umri wake wala bei yake sokoni. La kwanza ni hili: aliyeitoa alikuwa nani, na aliyeinunua alikuwa analipia nini?

Swali hilo linatokana na kazi yenyewe ya stempu. Uingereza ilipoanza kuuza stempu ya kwanza ya kubandika, ile nyeusi ya peni moja, tarehe 1 Mei 1840, kikaratasi kile kilikuwa uthibitisho kwamba mtumaji amekwisha kulipa, na kwamba posta ya dola imepokea wajibu wa kuifikisha barua. Hiyo ndiyo stempu: mamlaka, malipo na huduma. Ondoa kimojawapo, umebaki na kitu kingine. Huenda kikawa kizuri, huenda kikawa na historia nzito kuliko stempu yenyewe, lakini ni kitu kingine, na kinatakiwa kutambuliwa kwa jina lake.

Hapa pana tofauti moja ambayo wengi huiruka. Stempu bandia huiga stempu halisi. Ukiwa nayo mkononi, unaitafuta ile halisi na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Stempu ya kubuni haiigi chochote. Hakuna "halisi" ya kuilinganisha nayo, kwa sababu posta inayotajwa haikuwahi kuitoa, au haikuwahi kuwapo. Biashara hii si ya jana. Katika miaka ya 1860, watu walipokuwa wameanza kukusanya stempu kwa bidii, Samuel Allan Taylor wa Boston, Marekani, alikuwa akichapa stempu za kampuni za kusafirisha barua ambazo hazikuwahi kubeba barua hata moja. Palipo na wanunuzi hapakosi wachuuzi. Ukiwa na kikaratasi cha namna hiyo, kulinganisha hakukusaidii kitu. Unachohitaji ni kufuatilia madai yake moja moja.

Madai ya kwanza yako kwenye maandishi. Soma kila herufi, hata ile ndogo kabisa iliyo chini ya fremu, ukitumia kioo cha kukuzia. Tafuta jina la nchi, neno linalomaanisha posta, thamani na aina ya fedha. Uingereza peke yake ndiyo inayosamehewa kuandika jina lake. Inatosha kichwa cha mfalme au malkia. Nchi nyingine kwenye Umoja wa Posta Duniani zinatakiwa kuandika majina yao, tena kwa herufi za Kilatini pamoja na herufi zao wenyewe. Kwa hiyo kikaratasi cha miaka ya karibuni kisicho na jina la nchi wala kichwa cha mfalme au malkia wa Uingereza kimekwisha kukupa nusu ya jibu. Lakini usiseme haraka kwamba kisicho na thamani ya fedha si stempu. Uingereza imekuwa ikitoa stempu zilizoandikwa daraja tu, la kwanza au la pili, tangu 1989, na Marekani imetoa zake zisizopitwa na wakati tangu 2007. Zote ni stempu halali kabisa, na hazina tarakimu ya fedha popote.

Lugha nayo husema mengi kuliko inavyotarajiwa. Mwaka 1893 Mmarekani mmoja, James Harden-Hickey, alijitangaza kuwa mwanamfalme wa kisiwa kitupu katika Atlantiki ya Kusini, kisiwa kinachojulikana leo kuwa Trindade, cha Brazili. Aliagiza stempu zichapwe, nazo zilichapwa. Anayeiona moja yake akasoma jina la Trinidad anaweza kudhani ni ile koloni ya Uingereza iliyo katika Karibi. Lakini maandishi yake ni ya Kifaransa, na yanataja utawala wa mwanamfalme. Koloni ya Mwingereza iandike stempu zake kwa Kifaransa kwa sababu gani? Swali dogo kama hilo linafungua kila kitu: kisiwa hakikuwa na watu, kwa hiyo hapakuwa na mwandikaji wa barua wala mpokeaji, na stempu zile hazikuwa na huduma yoyote ya kulipia. Miaka michache kabla yake, Mfaransa Mayréna alikuwa amejifanya mfalme wa Wasedang katika nyanda za juu za Vietnam ya leo, na ufalme wake nao uliacha stempu. Nchi za kujitangazia hupenda stempu. Ni njia nyepesi ya kuonekana dola.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Maluku Selatan, yaani Maluku Kusini, kwa sababu huu si mchezo wa mtu mmoja mwenye ndoto. Tarehe 25 Aprili 1950 watu wa kweli walitangaza jamhuri yao Ambon, wakapigana na Indonesia, na wengi wakaishia uhamishoni Uholanzi. Jina lilikuwa na damu ndani yake. Lakini stempu zinazojaa kwenye mafurushi ya wakusanyaji, zenye ndege, vipepeo, samaki na maua, zilichapwa Vienna na kuuzwa na mfanyabiashara wa stempu huko New York, bila kupita katika posta ya visiwa hivyo. Ichukue moja uitazame kwa karibu. Wino umekaa vizuri, rangi hazikuvuka mipaka yake, meno yamekatika sawasawa pande zote nne, karatasi ni safi na imara. Uchapaji wake unazishinda stempu halali za nchi nyingi za wakati ule. Kisha jiulize: serikali iliyo vitani, iliyoshikilia visiwa vile kwa miezi michache tu, iliwezaje kuwa na stempu nzuri hivi, za seti nyingi hivi, na mbona hazionekani kwenye bahasha zilizotumwa kutoka Ambon? Hapo uzuri wenyewe unakuwa shahidi dhidi yake. Ninapoona lebo nzuri kupita hali ya mtoaji wake, huanza kumtafuta mchapaji na muuzaji kabla ya kumtafuta mtoaji.

Mtindo huo haukufa. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika, lebo zilimiminika zikiwa na majina ya jamhuri na mikoa ambayo posta zake, au posta ya Urusi, hazikuzijua: waigizaji wa filamu, paka, uyoga, treni, chesi, wanasoka. Abkhazia ilipata umaarufu katika miaka ya 1990 kwa lebo zenye sura za mchekeshaji Groucho Marx na mwanamuziki John Lennon, mzaha uliowalenga Karl Marx na Lenin. Kuna pia visiwa vidogo vya Scotland kama Staffa, ambacho hakina wakazi, lakini lebo zake za ndege na meli za kuanzia miaka ya 1970 zinatosha kujaza masanduku. Katika kundi hili dalili kubwa ni mada. Picha zinachaguliwa kwa kumfuata mnunuzi na si mahali. Ukiona kisiwa chenye baridi kali kinatoa twiga leo na magari ya mbio kesho, basi mteja wake ni mkusanyaji, na lebo ilitengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo.

Kazi inakuwa ngumu pale jina linapokuwa la nchi halisi, tena yenye posta inayofanya kazi. Watengenezaji wa lebo haramu hupenda hasa majina ya nchi ambazo posta zake hazina uwezo wa kufuatilia kila kinachouzwa nje kwa jina lao. Hapo macho peke yake hayatoshi. Umoja wa Posta Duniani hutuma taarifa kwa wanachama wake pale nchi inapolalamika kwamba stempu fulani hazikutolewa nayo, na tangu 1 Januari 2002 upo mfumo wa kuzipa stempu rasmi namba, ambao kila ingizo linabeba herufi za nchi, namba ya mfululizo na mwaka. Ukiipata stempu yako humo, ni ya posta kweli. Usipoipata, bado hujathibitisha lolote, maana si kila nchi inayoshiriki, na stempu za kabla ya 2002 hazimo. Watu wengi huutumia mfumo huu kama hukumu ya pande zote mbili, na kwa sababu hiyo wamezitia doa stempu zisizo na kosa.

Kati ya rasmi na haramu kuna eneo la katikati lenye ubishi usiokwisha. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, tawala ndogo za Ghuba kama Ajman, Fujeira, Ras al Khaima na Umm al Qiwain zilitia saini mikataba na mawakala wa nje, nao wakachapa stempu kwa mamia. Mamlaka ilikuwepo, mkataba ulikuwepo, ila matumizi ya posta hayakufanana hata kidogo na wingi ule. Katalogi ya Michel ya Ujerumani inaziorodhesha kwa kirefu. Ile ya Stanley Gibbons ya Uingereza iliziweka nyingi kwenye viambatisho, nje ya orodha kuu. Mimi siziiti sinderela, kwa sababu mwenye mamlaka alikubali. Lakini naelewa anayezikataa. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba katalogi nayo ina maoni. Kutokuwamo kwenye moja si kutokuwamo kwenye zote, na kutokuwamo kwenye zote si ushahidi wa uongo, kwani zipo orodha mahsusi za lebo za Krismasi, za posta binafsi na za ushuru.

Sasa niingie kwenye lebo za hisani. Mwaka 1904 karani wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, alileta wazo kwamba wakati wa Krismasi, kila barua ikibandikwa kilebo cha senti chache zaidi ya stempu, fedha hizo zitajenga hospitali ya watoto wenye kifua kikuu. Lebo ya kwanza ilibeba sura ya Malkia Louise, na mamilioni yake yaliuzwa msimu ule ule. Mwaka 1907 Emily Bissell akaipeleka fikra hiyo Marekani, katika jimbo la Delaware, akitafuta dola 300 za kuokoa kituo kidogo cha wagonjwa kisifungwe. Zikapatikana takriban mara kumi ya hizo. Kutoka hapo wazo lilienea duniani, na ndiyo maana sehemu kubwa ya vikaratasi visivyo na makazi katika mafurushi ya zamani ni vya jamii hii.

Vinatambulika kwa urahisi ukijua pa kutazama. Mara nyingi havina thamani iliyoandikwa, au vina maneno ya salamu na mwaka tu. Vingi vina msalaba mwekundu wenye mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, alama iliyopitishwa mwaka 1902 kuwa ya mapambano dhidi ya kifua kikuu. Ukiuona msalaba huo, anza upande wa hisani. Lakini anza tu, usihitimishe. New Zealand mwaka 1929 ilitoa stempu nyekundu yenye picha ya muuguzi na wito wa kutokomeza kifua kikuu. Kwa haraka ungeiweka kwenye rundo la lebo za hisani. Isome tena: imeandikwa peni moja ya posta na peni moja ya hisani. Peni ya kwanza ililipia safari ya barua. Basi hiyo ni stempu halali yenye nyongeza ya msaada, na nafasi yake ni kwenye albamu kuu. Picha ilikuelekeza kwingine, tarakimu zikakurudisha njiani.

Na hapa ndipo bahasha nzima inapozidi kikaratasi kilichobanduliwa. Chukua bahasha iliyopita posta mwezi wa Desemba, yenye stempu kwenye kona ya juu kulia na lebo ya Krismasi pembeni yake. Muhuri wa mviringo umeangukia zote mbili. Nusu ya duara iko kwenye stempu, nusu kwenye lebo, na mkato wa wino unapita bila kuvunjika kwenye ufa mwembamba kati ya karatasi mbili, ukigusa na bahasha yenyewe. Sasa unajua mambo ambayo lebo peke yake isingekwambia: iliuzwa kabla ya tarehe ile, ilikuwa mikononi mwa mtu katika mji ule, na posta ilidai stempu kamili bila kuihesabu lebo. Piga hesabu ya nauli ya wakati huo. Ikiwa stempu pekee inatosheleza nauli, lebo haikulipia safari. Ikiwa stempu haitoshi na hakuna alama ya deni, rudi uchunguze upya, pengine kile ulichokiita lebo kilikuwa na haki ya kulipia safari.

Nikiulizwa ni zipi nizipendazo kuliko zote, nitataja lebo za usafirishaji wa binafsi, zile zilizolipia huduma ya kweli ingawa mtoaji hakuwa dola. Hoteli za milimani Uswisi zilizianza, Rigi-Kaltbad ikiwa ya kwanza mwaka 1864: mgeni alinunua kilebo ili barua yake ishushwe hadi ofisi ya posta iliyo chini, kisha akabandika stempu ya Uswisi kwa safari iliyobaki. Mwaka 1883 mpango huo ulisitishwa. Lebo hizi hazikudanganya mtu. Ziliuzwa kwa kazi inayojulikana, na kazi ilifanyika.

Vivyo hivyo na Kisiwa cha Great Barrier, New Zealand, ambako mwaka 1898 njiwa walibeba ujumbe kuupeleka Auckland kwa malipo, na malipo yalithibitishwa kwa lebo. Lebo za mwanzo ziliandikwa kwamba ni za posta maalumu. Posta ya serikali ikapinga neno hilo, na zikapigwa chapa juu yake kueleza kwamba ni ujumbe wa njiwa. Ukiiona chapa ile, unaona ugomvi wa madaraka ukiwa umeandikwa juu ya karatasi isiyozidi ukubwa wa kidole gumba.

Lundy ndiyo inayofundisha zaidi. Ni kisiwa kidogo katika Mlangobahari wa Bristol, na Martin Coles Harman alikinunua katikati ya miaka ya 1920. Ofisi ya posta ya Uingereza ilifungwa huko mwishoni mwa 1927, barua zikawa zinavushwa kwa mpango wa mwenye kisiwa, na tarehe 1 Novemba 1929 zikatoka stempu zake, za nusu pafini na pafini moja, kwa jina la ndege wa baharini anayeishi kwenye majabali yale. Alitoa na sarafu pia, na kwa sarafu alishtakiwa na kutozwa faini. Kwa stempu aliachwa. Kwa nini? Kwa sababu stempu zake hazikujifanya zinalipia safari ya bara. Zilibandikwa nyuma ya bahasha, na mbele, upande wa anwani, ikakaa stempu ya Mwingereza kwa nauli kamili. Basi ukiwa na lebo ya posta binafsi bado ikiwa kwenye bahasha yake, geuza kwanza. Mahali ilipobandikwa ni ushahidi sawa na maandishi yake.

Mfano wa mwisho wa kundi hili ni mgomo wa wafanyakazi wa posta Uingereza, ulioanza 20 Januari 1971 na kudumu takriban wiki saba. Serikali ililegeza kwa muda haki yake ya peke yake, na watu binafsi wakaruhusiwa kusafirisha barua. Kila mmoja na lebo zake. Nyingine zilisafirisha barua kweli, nyingine zilichapwa na watu wasio na hata baiskeli, kwa ajili ya wakusanyaji. Kwa bahati, historia imetuachia kipimo ndani ya lebo zenyewe: tarehe 15 Februari 1971, mgomo ukiendelea, Uingereza ilibadili fedha zake kutoka shilingi na peni za zamani hadi peni mpya. Lebo ya shilingi inaelekea kuwa ya nusu ya kwanza ya mgomo, ya peni mpya inaelekea kuwa ya nusu ya pili. Muhuri wa mtoaji ukipingana na hilo, kwa mfano lebo ya peni mpya iliyopigwa tarehe ya wiki ya kwanza ya mgomo, una sababu ya kuitilia shaka.

Posta yenyewe nayo hutengeneza vikaratasi visivyo stempu, na hivi huwachanganya hata wazoefu. Lebo za barua za ndege zilizoanza Ufaransa mwaka 1918, lebo za rejista zenye namba, vizibo vya kufungia barua zilizochanika, na stempu za mafunzo za Uingereza zilizopigwa mistari minene myeusi ili karani mwanafunzi azitumie darasani bila posta kupata hasara. Hizi ni rasmi lakini hazilipii barua. Stempu za ushuru ni rasmi na zinalipiwa, ila zinalipia kodi ya hati. Matangazo ya biashara ya mtindo wa stempu, yaliyovuma Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hayana siri: jina la bidhaa limo ndani ya picha. Na propaganda za vita zina ukali wake. Idara ya ujasusi ya Marekani iliichukua stempu nyekundu ya Hitler ya pfeningi 12, ikamchonga uso ukawa fuvu, na mahali pa jina la dola ya Ujerumani ikaweka maneno yanayosema dola imeharibika. Anayeiona kwa mbali huipita. Anayeisoma husimama.

Vipimo vya mkono na macho huja baada ya maswali haya. Meno hupimwa kwa kuhesabu vitobo katika sentimita 2. Stempu za toleo moja la serikali huwa na kipimo kinachojulikana, na lebo nyingi zina kipimo kisicho cha kawaida au pande zisizokatwa kabisa. Lakini stempu za mwanzo za 1840 hazikuwa na meno, kwa hiyo ukosefu wa meno hausemi kitu bila tarehe. Picha iliyojaa vidoti vya rangi nne chini ya lenzi haiwezi kuwa ya miaka ya 1880. Taa ya mionzi ya urujuanimno ina msaada mkubwa: karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zina kemikali ya kung'arisha, na huwaka kwa weupe wa buluu. Lebo inayojiita ya karne ya 19 ikiwaka hivyo, karatasi yake imetengenezwa baadaye. Na tazama muhuri. Ukiwa kwenye kona ileile kwa kila lebo ya seti, robo duara safi isiyo na herufi za mji, na gundi nyuma bado nzima, basi ulichapwa kiwandani pamoja na lebo. Hilo peke yake halitoshi kuihukumu, kwani hata posta halali hufanya hivyo kwa wateja wakusanyaji, lakini linakwambia haikusafiri.

Kati ya vipimo vyote, gundi ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko yote. Imepakwa upya mara nyingi mno.

Ukimaliza yote haya na bado hujui, usilazimishe jina. Katika albamu yangu, chini ya kila lebo ninaandika kwanza kilichoandikwa juu yake, neno kwa neno, hata kama siielewi lugha. Kisha aina ya uchapaji, kipimo cha meno, jinsi ilivyonifikia na ilikuwa pamoja na nini, maana lebo mbili zilizotoka bahasha moja hufafanuliana. Halafu nafasi ya mtoaji na nafasi ya huduma, na kama sina jibu naziacha wazi, kwa penseli. Nafasi moja ya huduma ilikaa wazi hadi nilipokutana na bahasha ya lebo ileile ikiwa imebandikwa nyuma, na mbele kuna nauli kamili ya posta, na hapo ikajulikana kuwa ni ya msafirishaji binafsi.

Ndiyo maana nasisitiza kwa anayeanza: furushi likifika na ndani yake mna vipande vya bahasha, usiviloweke. Stempu ya kawaida ukiibandua kwenye maji unapoteza kidogo. Lebo isiyojulikana ukiibandua, unapoteza muhuri ulioifunga kwenye bahasha, stempu iliyokaa jirani yake, upande iliobandikwa na tarehe, yaani kila kitu ambacho kingejibu ililipia nini. Kata kipande kikubwa kadiri inavyowezekana kuizunguka, na ikiwa bahasha ni nzima, iache nzima.